Fedha ya utetezi wa wanafunzi wenye ulemavu: anzeni na bajeti ya chuo, mfadhili baadaye

Vikundi vingi vya wanafunzi wenye ulemavu katika vyuo vya Dar es Salaam huanza kwa kuandika andiko la mradi na kulipeleka kwa mfadhili. Wakibahatika, zinapatikana milioni chache, inafanyika semina ya siku mbili, fulana zinachapwa na posho zinalipwa. Miezi mitatu baadaye jengo la madarasa bado lina ngazi tupu. Ushauri wetu ni kugeuza mpangilio huo. Fedha kubwa ya kubadilisha mazingira ya chuo ipo kwenye bajeti ya chuo chenyewe, na michango mnayokusanya nje ni ya kuwawezesha kuifikia.

Kalenda ndiyo inayowaangusha wengi. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, lakini idara za vyuo vya umma huanza kukusanya makisio miezi mingi kabla, kwa kawaida kati ya Novemba na Januari. Uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi nao mara nyingi hufanyika muhula wa pili unapoelekea ukingoni. Kwa hiyo uongozi mpya unaingia na moto wake wakati makisio yameshafungwa, na jibu unalopata ni "tutaliangalia mwakani". Mwakani ikifika, nao wanatoka. Dawa yake ni barua ya mahitaji kuandikwa Oktoba, masomo yanapoanza, na uongozi unaoondoka kukabidhi faili lenye nakala za barua zote.

Barua yenyewe iwe na vipimo. "Tunaomba mazingira rafiki" haiwezi kuingizwa kwenye makisio. Mhasibu anataka kitu, idadi na mahali. Chukueni mfano wa njia ya mteremko kwa ajili ya viti mwendo. Kiwango kinachotumika ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja ni sentimita 45 za kwenda juu, kwa hiyo mteremko unahitaji mita 5.4, na juu yake pawe na sehemu bapa ya kama mita moja na nusu ili kiti kisimame wakati mlango unafunguliwa. Fundi asipopewa vipimo hivi atajenga mita mbili kwa sababu ndiyo nafasi anayoiona. Mteremko huo ni mkali: anayejisukuma mwenyewe hapandi, na akisukumwa kiti kinaweza kupinduka nyuma. Kosa lingine ni kuweka vigae vinavyong'aa, masika yakianza pakawa utelezi mtupu. Andikeni pia nguzo ndogo za kuzuia bodaboda, la sivyo panageuka kuwa maegesho. Kwa kupima na kuchora, waombeni wanafunzi wa usanifu majengo au uhandisi. Kazi ya mchana mmoja, futi kamba na chupa ya soda, nanyi mnapata mchoro ambao ofisi ya miliki, inayosimamia majengo ya chuo, haiwezi kuudharau.

Kwa wasioona, hesabu inayosahaulika ni ya karatasi. Ukurasa mmoja wa maandishi ya kawaida hutoa kurasa mbili na nusu hadi tatu za nukta nundu (breli), kwa hiyo kitini cha kurasa 40 ni kurasa 100 hadi 120 za karatasi nzito, na bado hamjahesabu muda wa kuchapa. Mara nyingi ni nafuu kuomba vitini vya kielektroniki visomwe na programu ya kusoma skrini. NVDA, mojawapo ya programu hizo, ni ya bure. Ila mhadhiri akipiga picha kitini na kukituma, programu haioni maneno, inaona picha tu. Ombeni faili lenye maandishi lenyewe, na mwandike ombi hilo kama utaratibu wa chuo badala ya hisani ya mhadhiri mmoja mmoja.

Kwa viziwi, mhadhara wa saa mbili unahitaji wakalimani wawili wa lugha ya alama wanaopokezana kila baada ya dakika 20 hadi 30. Mmoja peke yake huchoka, na akichoka huanza kufupisha bila anayemtazama kujua kilichoachwa. CHAVITA, chama cha viziwi Tanzania, wanaweza kuwaelekeza kwa wakalimani.

Fedha ya nje sasa. Kabla ya kuuliza nani atatoa, jueni anapitishia wapi. Kikundi kilichoandikishwa kwa mshauri wa wanafunzi tu hakitambuliki na wafadhili wengi, kwa sababu hakijasajiliwa kisheria. Njia nyepesi ni kuingia chini ya chama cha watu wenye ulemavu kilichosajiliwa, kupitia SHIVYAWATA, shirikisho la vyama hivyo, au wanachama wake. Andikianeni makubaliano ya maandishi: fedha inaingia akaunti gani, nani wanasaini, na chama kinabaki na asilimia ngapi za uendeshaji. Bila karatasi hiyo, urafiki utavunjika kwenye hundi ya kwanza.

Ule mkopo wa halmashauri kwa watu wenye ulemavu, unaotokana na asilimia 2 wanayotengewa kati ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, watu huuchanganya na ruzuku. Hauna riba, lakini unarejeshwa, na unalenga mradi wa kuzalisha kipato. Mkiutumia kwa kongamano mtaulipa kutoka kwenye bumu, fedha zenu za kujikimu.

Jamii inayowazunguka ni bora kuiomba vitu badala ya pesa. Msikiti, kanisa au wahitimu watatoa kwa wepesi zaidi rimu za karatasi, mafuta ya kukinga jua kwa wenye ualbino, au bajaji ya mtaani iliyolipiwa kwa mwezi. Bajaji hiyo ina maana kuliko inavyoonekana: anayetumia kiti mwendo akiikosa daladala ya asubuhi kwa sababu konda hataki kubeba kiti, amekosa na kikao chenu.

Kwenye bajeti yoyote, tengeni robo hadi theluthi kwa ufikivu: wakalimani, wasaidizi, usafiri, nukta nundu. Wakosoaji watasema ni nyingi. Utetezi ambao wenye ulemavu wenyewe hawawezi kuuhudhuria ni wa nani?

Daladala na bodaboda hazitoi risiti, na hapo ndipo mkaguzi anapowabana. Tumieni fomu ya nauli yenye jina, tarehe, alikotoka na alikokwenda, kiasi na saini. Kwa asiyeona, mweka hazina asome kiasi kwa sauti mbele ya shahidi kabla ya dole gumba.

Barua kwa chuo ipelekwe nakala mbili, moja irudi na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Tajeni Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, na kifungu cha 24, kinachohusu elimu, cha mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu ambao Tanzania iliuridhia 2009, kwa sentensi moja tu. Kinachosomwa zaidi ni jedwali la vipimo. Siku 14 zikipita kimya, pelekeni barua ya kukumbusha yenye nakala kwa serikali ya wanafunzi, mkiambatanisha ile iliyogongwa muhuri.