Sigmoidi na tanh kwenye FPGA ndogo: Taylor, CORDIC au jedwali?

Ndugu wa Kakamega, umesema mradi wako wa mwaka wa mwisho uko kwenye iCE40 HX1K (FPGA ndogo, yaani chipu ambayo saketi zake unazipanga mwenyewe), una GRU moja ndogo (mtandao wa neva unaokumbuka hatua zilizopita), na kwamba sigmoidi na tanh, zile fomula zinazobana namba yoyote ibaki kati ya 0 na 1, au −1 na 1, zimekula chipu yote kabla hata uzito wa mtandao haujaingia. Unauliza ushike lipi kati ya Taylor (kujumlisha vipeo vya x), CORDIC (kukaribia jibu kwa mizunguko midogo) na jedwali la majibu yaliyokokotolewa mapema. Mimi niko Kisumu, kazi yangu kubwa ni vifaa vya kusikiliza mtetemo wa mota za mashine za kusaga, kuanzia Kondele hadi Ahero, ili mwenye mashine ajue beringi inaelekea kufa wakati bado anaweza kuibadilisha kwa utaratibu. Nakujibu kwa yale niliyoyatumia.

Taylor iondoe kabisa. Mfululizo wa Taylor wa sigmoidi unaoanzia sifuri unafaa hadi x ifike pai, yaani 3.14 hivi, na wa tanh hadi nusu yake. Ukivuka hapo, kila kipengele unachoongeza kinazidi kuharibu jibu. Hata ukiweka vipengele mia, x ikiwa 4 utapata takataka, na ndani ya GRU x ya 4 ni jambo la kila siku. Wanafunzi wanaoniletea miradi yao wengi wanakwama hapa, nadhani ni kwa sababu darasani Taylor ndiyo hufundishwa kwanza.

CORDIC naiheshimu. Jack Volder aliitoa mwaka 1959 kwa ajili ya kompyuta ya kuongozea ndege, na mwaka 1971 Walther akaipanua ikafika kwenye sinh na cosh, ambazo ukizigawanya unapata tanh. Haihitaji kizidishi, ni kujumlisha na kusogeza biti tu. Lakini kila mzunguko unakupa takriban biti moja ya usahihi, mzunguko wa 4 na wa 13 lazima urudiwe, ingizo lisizidi 1.118 hivi, na ukishapata sinh na cosh bado una mgawanyo mbele yako. Yote hayo kwa namba ambayo mwishowe utaikata ibaki biti 8! Ni mizani ya sonara hiyo, na wewe unapima magunia ya mahindi.

Kwa hiyo anza na swali hili: tokeo la sigmoidi yako litabeba biti ngapi? Hilo ndilo linaloamua kila kitu, na hujalitaja.

Tuseme ni 8. Hatua moja ya tokeo ni 1/256, yaani 0.0039. Sigmoidi ya −x ni 1 ukitoa sigmoidi ya x, kwa hiyo upande hasi hauwekwi popote, unatoa tu. Upande chanya, x ikifika 8 jibu ni 0.9997, basi weka 1 usonge mbele. Limebaki eneo la 0 hadi 8. Mteremko mkali kabisa wa sigmoidi ni 0.25, pale kwenye sifuri. Ukigawa eneo hilo kwa hatua za 1/64 unapata safu 512, na ukihifadhi thamani ya katikati ya kila hatua (ya katikati, si ya mwanzo, wengi hulisahau hili) kosa halizidi 0.002, nusu ya hatua ya biti 8, mbali na kukata desimali za jedwali lenyewe. Sasa piga hesabu: safu 512 mara biti 8 ni biti 4096. Bloku moja ya kumbukumbu ya iCE40 ni biti 4096 kamili. Chipu yako ina bloku 16 na haina hata kizidishi kimoja cha maunzi. Bloku moja, mpigo mmoja wa saa ya chipu kusoma, hakuna kuzidisha. Kwa biti 8 mjadala umeisha.

Ukitaka biti 12, mambo yanageuka. Jedwali tupu kwa eneo hilohilo linahitaji safu 8192, zaidi ya biti 98,000, na chipu nzima ina 65,536. Hapo unaunganisha nukta kwa mistari. Vipande 128 vya upana wa 1/16 vinakupa kosa la 0.00005 tu, kwa sababu kosa la mstari hushuka kwa mraba wa upana. Gharama yake ni kuzidisha mara moja kwa kila jibu. Upana uwe nusu, robo, 1/16, kamwe usiwe 0.1: biti za juu za x zinakuwa namba ya kipande na za chini zinakuwa sehemu ya ndani, na kwenye FPGA kuzitenganisha ni nyaya tu.

Kuna njia nyingine, inaitwa PLAN, ya mwaka 1997, inayobadilisha sigmoidi kuwa mistari michache iliyonyooka. Kwa x chanya: chini ya 1 ni x/4 + 0.5, hadi 2.375 ni x/8 + 0.625; hadi 5 ni x/32 + 0.84375, kuanzia hapo ni 1. Haina jedwali wala kizidishi. Kosa kubwa ni 0.0189, karibu na x = 1. Kwa mtandao wa kwenda mbele tu naitumia bila wasiwasi. Kwa GRU siipendi, maana tokeo linarudi ndani kila hatua na kosa linarudi nalo.

Tanh usiijengee kitu chake. Ni mara mbili ya sigmoidi ya 2x, toa 1: jedwali lilelile, ila kosa nalo linakuwa maradufu.

Tabaka la mwisho ndilo linanichekesha. Kama unataka kujua tu beringi ni nzima au la, sigmoidi ya nini? Angalia kama x ni hasi au chanya, kwa sababu sigmoidi huvuka 0.5 palepale x inapovuka sifuri. Na kama una makundi mengi, softimaksi (inayogeuza alama za makundi kuwa uwezekano) haibadilishi nani mkubwa, basi chagua namba kubwa uache.

Utakachochagua, kiweke pia kwenye Python unapofunza mtandao, ili uzito uzoee mikunjo hiyo. Kisha jaribu kwenye simulesheni kila ingizo. Kwa biti 16 ni 65,536 tu, kompyuta yoyote inamaliza upesi. Chora grafu ya kosa uiweke hapa, pamoja na idadi ya biti za tokeo, tuone kama GRU yako inahitaji 12 kweli.