Majira ya Pwani kwa Penseli: Anza na Mti Mmoja

Msomaji wa Tanga ameniandikia juzi. Anatamani kuchora mazingira yanavyobadilika mwaka mzima, ila anaona huku kwetu hakuna kinachobadilika: Januari kijani, Julai kijani. Tena daftari lake limejikunja lote tangu mvua zianze. La daftari lina dawa. Hilo la kwanza linaniuma, maana ndivyo watoto wetu wanavyofundishwa mpaka leo: milima miwili, jua katikati, na pembeni mti usio na jina, uleule masika na kiangazi.

Pwani ina kiangazi, masika, kipupwe na vuli, na miti inajua. Ila huwezi kuyaona majira hayo ukichora mti mpya kila wiki. Chagua mti mmoja unaoupita kila siku, uuchore mara mbili kwa mwezi ukiwa umesimama palepale. Jiwekee alama isiyohama, kama nguzo au kona ya ukuta. Ukisogea hatua tatu tu, matawi yanapishana kwa namna nyingine, na mchoro wa Machi haulinganishiki tena na wa Juni.

Mti wa kuanzia ni mkungu. Hupukutisha majani, mara nyingi zaidi ya mara moja kwa mwaka, na kabla hayajaanguka huwa ya njano, kisha ya chungwa, kisha damu ya mzee. Matawi yake hutoka shinani kwa ghorofa, jambo linalomsaidia sana anayeanza. Nyoosha mkono, funga jicho moja, pima kwa penseli urefu wa mti mzima, halafu angalia ghorofa ya kwanza inaanzia wapi: theluthi? robo? Weka vidoti vya ghorofa zote kabla hujachora tawi hata moja. Wengi huzipanga kwa nafasi sawasawa, mti ukatoka kama kabati la vyombo. Nafasi hazilingani, na ghorofa za chini kwa kawaida ndizo zenye matawi marefu zaidi.

Majani usiyachore moja moja. Kwenye mkungu hukusanyika nchani mwa vitawi, kwa hiyo chora umbo la kila fungu, kisha utie giza upande wake wa chini. Matundu ya anga yanayoonekana kati ya mafungu nayo yana umbo. Yachore kama unavyochora kitu chenyewe. Mti ukianza kupukutisha, matundu hayo ndiyo hupanuka kwanza.

Kisha okota jani moja lililoanguka, ulilaze kwenye karatasi ulichore kwa ukubwa wake halisi, ambao mara nyingi ni sentimita 15 hadi 25. Weka alama tatu: kikonyo kinapoanzia, ncha, na mahali jani lilipo pana zaidi. Alama hii ya tatu ndiyo inayoharibiwa na karibu kila mtu. Mkono umezoea kuweka upana katikati, kama jani la mwembe, ilhali jani la mkungu hupanuka karibu na ncha na kusinyaa kuelekea kikonyo. Ukikosea hapo, hata rangi iwe nzuri vipi, hilo si jani la mkungu. Kwa rangi za maji, tandaza njano jani zima, subiri ikauke kabisa, ndipo upake nyekundu kwa mabaka huku ukiiruka mishipa mikubwa. Ukipaka nyekundu kwanza, njano haitaonekana juu yake. Rangi za maji hupitisha mwanga, hazifuniki.

Kama jirani hakuna mkungu, mwembe haukosekani. Katika kipupwe tazama vishada vya maua: bua jekundu, na juu yake mamia ya maua madogo ambayo kwa umbali wa hatua kumi ni ukungu wa rangi ya maziwa. Uchore ukungu huo kwa ubavu wa penseli, si kwa ncha. Wakati mwingine utaona tawi moja limetoa majani mapya ya rangi ya shaba, yamelegea yanaelekea chini, wakati tawi la pili lina majani makongwe ya kijani kizito yaliyokaza. Usiyanyooshe ili mchoro upendeze. Kulegea kwake ndiko kunakoonyesha ni machanga.

Kivuli nacho ni kalenda, na hiki ndicho ninachowaomba wachoraji wa pwani wasikidharau. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua la mchana hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Simika kijiti cha mita 1 mwishoni mwa Juni, saa sita na nusu mchana: kivuli kitaelekea kusini, karibu sentimita 58. Rudia mwishoni mwa Desemba: kitaelekea kaskazini, karibu sentimita 30. Mti wako unafanya hivyohivyo, na upande wa shina unaopata jua mchana unahama. Anayesema huku hakuna majira aangalie chini.

Kwa mchoro wenyewe, mchana wa jua kali haufai. Vivuli ni vifupi na kila kitu kinakuwa bapa. Chora kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni. Ukikaa tu, zungushia kivuli mstari mwepesi kabla ya kingine chochote, kisha usikibadilishe. Nusu saa baadaye kitakuwa kimeshahama, na ukikifuata utapata mti wenye majua mawili.

Vifaa havihitaji fedha nyingi. Penseli za HB, 2B na 6B (HB ndiyo ngumu, 6B ndiyo laini na nyeusi zaidi) zinatosha, pamoja na raba, kichongeo na vibanio viwili vya kuzuia kurasa upepo wa kusi ukivuma. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 kwa mita ya mraba inafaa kwa mazoezi ya penseli. Kwa rangi za maji tafuta ya gramu 300, la sivyo itajikunja hata kiangazi. Weka kipande cha karatasi safi chini ya kiganja, kwa sababu 6B na jasho huchafua ukurasa mzima.

Masika karatasi hunyonya unyevu hewani, ikalainika. Raba huichubua na penseli ngumu huikwaruza bila kuacha alama nzuri. Hifadhi daftari kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, na utie ndani vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na maboksi ya viatu. Lilaze chini ya vitabu vizito. Rangi za maji ziweke kando mpaka mvua zipungue, ubaki na penseli.

Kila ukurasa uandike tarehe, saa, upepo unatoka wapi, na mvua ya mwisho ilinyesha lini. Mchoro usio na tarehe hauna kazi katika jambo hili.

Mbuyu uuache hadi mkono uzoee, ila vuli usikupite. Baada ya miezi ya kukaa uchi huvaa majani, na maua yake makubwa meupe yanayoning'inia hufunguka jua linapozama, popo wakayatembelea usiku. Kupanda hakuna haja: nenda alfajiri uokote lililoanguka. Anza na lile fungu la stameni, yaani nyuzi zenye chavua, katikati, kwa kuwa ndilo gumu, kisha petali tano. Usilikawize, litageuka kahawia siku hiyohiyo.