Sumaku haitambui stenlesi feki

Ukijaribu kijiko kwa sumaku kikanasa, unaweza kudhani ni stenlesi feki. Hapana, kijiko kunasa sumaku hakumaanishi si stenlesi. Kinachozuia kutu ni kromi, angalau asilimia 10.5 hivi, na hiyo haihusiani na sumaku. Sumaku inategemea mpangilio wa atomi ndani ya chuma, ambao nikeli huubadilisha. Ndiyo maana stenlesi ya daraja la 304, ile yenye muhuri wa 18/8 (kromi asilimia 18, nikeli 8), kwa kawaida hainasi, ila daraja la 430 ambayo karibu haina nikeli inanasa vizuri tu. Ni ya bei nafuu na kwa kijiko inatosha, mradi usiiache na chumvi usiku kucha.

Kisu ndiyo kabisa, karibu lazima kinase: kinahitaji chuma chenye kaboni kinachoweza kupashwa moto na kupozwa haraka kikawa kigumu. 304 ukiifanyia hivyo haigumuki. Na sufuria za jiko la induksheni (jiko la umeme linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku) huwekewa kitako kinachonasa makusudi.

Cha kuogopa zaidi ni daraja la 201, ambayo sehemu ya nikeli imebadilishwa na manganizi ili ishuke bei. Hainasi, inafaulu mtihani wako wa sumaku, halafu inashika kutu mapema kuliko 304. Anayetengeneza vyombo adai cheti cha mchanganyiko wa metali kwa kila shehena ya bati la stenlesi, sumaku aiache mfukoni.

Ila hata 304 ikikandamizwa na mashine kuwa bakuli la kina kirefu, kuta zake huanza kunasa kidogo.