Uuze flekso ununue dijitali? Subiri kidogo

Ndugu, umeuliza kama uuze mashine yako ya flekso, ile inayochapa lebo kwa mabamba, ununue ya dijitali, kwa kuwa wateja siku hizi wanaagiza lebo kidogo kidogo. Usiuze kwanza.

Ni kweli soko linaelekea huko. Kampuni zinatoa bidhaa ileile kwa ladha na ujazo tofauti, hivyo oda moja kubwa inagawanyika kuwa ndogo nyingi. Kwenye flekso kila rangi inadai bamba lake, na kabla rangi hazijakaa sawasawa umeshatupa mita kadhaa za karatasi. Dijitali haina mabamba: unatuma faili, unachapa. Ila wino wake ni ghali, na oda ikiwa ndefu flekso inaipiku kwa gharama ya kila lebo. Pitia oda zako za mwaka mzima uone nyingi ziko upande gani. (Muuza mashine naye atakupigia hesabu, lakini ya kumfaa yeye.)

Halafu kuna GS1, wasimamizi wa misimbopau duniani. Wanalenga ifikapo mwisho wa 2027 skana za madukani ziweze kusoma misimbo ya QR sambamba na ile ya mistari. Mteja akitaka msimbo wa QR wa kila lebo uwe na namba yake ya pekee, bamba haliwezi kubadilika katikati ya kazi. Hapo kichwa cha inkijeti, yaani kifaa cha dijitali kinachorusha matone ya wino, kilichofungwa kwenye flekso yako kinaweza kutosha.

Lebo zisizo na karatasi ya nyuma zinasifiwa kwa kupunguza taka. Kabla hujazikimbilia, uliza kama mashine za kubandikia za wateja wako zinazikubali.