Lori Limekosa Nguvu Mlimani: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kuifungua Turbo

Malalamiko tunayoyapokea mara kwa mara katika gereji za Changamwe na Miritini, Mombasa, ni ya namna moja: dereva ametoka bandarini Kilindini na kontena, ameufikia mwinuko wa kuelekea Mazeras, na lori lililozoea kuupanda bila taabu sasa linamlazimisha kushusha gea mara mbili au tatu. Geji ya turbo, yaani ile inayoonyesha presha ya hewa ambayo turbo husukuma ndani ya injini, ikiwa ipo na inafanya kazi, haipandi kama zamani. Fundi anayeanza akisikia hayo huona tayari amepata jibu, naye humwambia mwenye gari atafute turbo nyingine. Ninawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii kwa sababu jibu hilo la haraka huwagharimu watu fedha nyingi, na mara nyingi lori hurudi na ugonjwa uleule.

Turbo haina nguvu yake yenyewe. Moshi wa moto unaotoka kwenye silinda huzungusha gurudumu la upande wa ekzosi, na shafti huipeleka nguvu hiyo kwenye gurudumu la upande wa hewa, kwa kasi ambayo katika turbo nyingi hupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Nguvu yote hiyo imetoka kwenye dizeli iliyoungua. Kwa hiyo injini isiyo na mzigo haiwezi kuonyesha presha kamili hata ikiungurumishwa namna gani uani, na injini inayonyimwa dizeli itatoa presha ndogo hata kama turbo yake ni mpya kabisa. Shikeni jambo hili kabla ya mengine yote, kwamba presha ndogo inaweza kuwa chanzo cha upungufu wa nguvu, na vilevile inaweza kuwa matokeo yake.

Kutenganisha hali hizo mbili, anzeni na moshi. Lori linalotoa moshi mweusi mzito likiwa na mzigo lina dizeli ya kutosha lakini limekosa hewa, na hapo njia ya hewa ndiyo ya kukaguliwa. Lori lisilo na nguvu na lisilotoa moshi linaelekea kukosa dizeli: filta ya dizeli imeziba, pampu ya kuvuta kutoka tangini imechoka, au paipu inaingiza hewa mahali fulani. Hata hivyo, msiutegemee moshi peke yake. Injini zenye kompyuta hupunguza dizeli zenyewe pindi sensa inapoonyesha kwamba hewa ni kidogo, hivyo moshi unaweza usionekane kabisa. Pampu nyingi za zamani za kusukuma dizeli kwenye silinda nazo zina diaframu (utando) inayoongozwa na presha ya turbo kupitia paipu nyembamba kutoka kwenye manifoldi ya hewa, yaani bomba linalogawia silinda hewa, na paipu hiyo ikipasuka, pampu hubaki ikitoa dizeli ya kiasi cha chini ingawa turbo inafanya kazi yake. Paipu hiyo ni ya bei ndogo, na ni rahisi kusahauliwa.

Kipimo cha maana huchukuliwa barabarani. Fungeni geji mnayoiamini kwenye manifoldi ya hewa, pandeni na dereva lori likiwa na mzigo wake, na mkifika mlimani mwambieni ashikilie gea moja huku amekanyaga mafuta hadi mwisho. Injini nyingi za malori makubwa hutoa kati ya baa 1.5 na 2.5 juu ya presha ya hewa ya nje, lakini msitosheke na makadirio hayo. Tafuteni namba ya injini ileile kwa nguvu zake zilezile za farasi, kwa kuwa injini mbili za muundo mmoja zinaweza kutofautiana sana.

Hapa pana kosa linalowakuta wengi wanaosoma namba kwenye mashine ya uchunguzi. Geji ya kawaida huonyesha sifuri injini ikiwa imezimwa, lakini sensa nyingi za manifoldi huhesabu pia presha ya hewa inayotuzunguka. Kwa hiyo namba ya kilopaskali 250 (kilopaskali 100 ni baa 1) hapa Mombasa ni takriban 150 tu zilizoongezwa na turbo. Swichi ikiwa imewashwa na injini haijapigwa, sensa isiyo na hitilafu hapa baharini husoma karibu 100, na ileile ikifika Nairobi husoma karibu 83, kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi. Sensa inayosoma 70 au 130 mkiwa Changamwe ni mbovu, na kabla haijabadilishwa hakuna namba yake nyingine ya kuaminiwa.

Sasa hewa. Filta ya hewa huangaliwa kwanza, na si kwa macho pekee, kwa sababu karatasi inaweza kuonekana safi juu huku imeziba ndani. Pimeni mvuto baada ya filta injini ikiwa na mzigo. Katika injini nyingi kikomo ni inchi 25 za maji, yaani kama kilopaskali 6. Malori yanayobeba klinka, malighafi ya saruji, yanahitaji uangalifu wa pekee, maana vumbi lake ni kali. Ufa mdogo kwenye mpira ulio kati ya filta na turbo huenda usishushe presha leo, lakini huingiza vumbi hilo moja kwa moja kwenye gurudumu la hewa na kuzila kingo zake.

Baada ya turbo, hewa iliyosukumwa hupita kwenye mipira, klampu na intakula (kipoza hewa) hadi kwenye manifoldi, na kwa uzoefu wangu huku ndiko presha inakopotea zaidi katika malori ya Pwani. Hewa ya chumvi huila aluminiamu ya intakula, klampu za chuma cha kawaida hushika kutu na kulegea, na ukungu wa oili hulainisha mipira kwa ndani. Mpasuko wa namna hii mara nyingi hujifunga injini ikiwa imelala na kufunguka presha inapopanda, ndiyo sababu mkono na macho havitoshi. Zibeni ncha zote mbili za intakula kwa vizibo vilivyofungwa kwa mnyororo, kwa kuwa kizibo kinachochomoka kinaweza kuua mtu, kisha ingizeni hewa hadi psi 30 (kama baa 2), fungeni bomba la kuingizia hewa na mtazame geji. Kwa baadhi ya injini za Cummins, kushuka kwa psi 7 au pungufu ndani ya sekunde 15 hukubaliwa. Maji ya sabuni yatawaonyesha mahali penyewe.

Msiudharau mvujo huo. Hewa inapotoroka, turbo huzunguka kwa kasi zaidi kujaribu kufidia, nayo huharibika kabla ya wakati wake. Liliwahi kuletwa kwetu lori lililokwisha kubadilishwa turbo mara mbili kwingine, na kilichopatikana ni mpira uliochanika upande wa chini, mahali ambapo klampu iliuficha.

Upande wa ekzosi hauchukui muda mrefu. Masizi meusi kando ya gasketi ya manifoldi yanaonyesha moshi unaotoka kabla ya kuifikia turbo. Breki ya ekzosi isiyofunguka vizuri huuzuia moshi kutoka. Vali inayopitisha moshi kando ya gurudumu huweza kukwama ikiwa wazi, au diaframu yake ikatoboka. Ipimeni kwa hewa iliyodhibitiwa, na kamwe msikaze fimbo yake ili kupandisha presha inayopotelea kwingine.

Turbo yenyewe hufuata baada ya hayo yote. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, zungusheni gurudumu kwa kidole. Mchezo mdogo wa kushoto na kulia ni wa kawaida, kwa sababu beringi zake huelea katika oili, ila gurudumu likigusa nyumba yake, au shafti ikienda mbele na nyuma kwa kiasi kinachohisika wazi, turbo hiyo imekwisha. Hapo tafuteni kilichoiua: paipu ya oili iliyoziba, oili chafu, vumbi, au dereva anayezima injini mara tu amalizapo kupanda mlima badala ya kuiacha izunguke polepole kwa dakika 3 hivi. Kabla ya kufunga nyingine, osheni intakula na mipira yote hadi oili na vipande vya chuma viishe, kwa kuwa oili iliyobaki humo inaweza kuvutwa na injini ikaungua kama dizeli na kuipandisha kasi bila kuzimika. Jazeni oili kwenye turbo mpya kabla ya kupiga injini, kisha rudini mlimani na mzigo uleule na geji ileile.