Dawson City ni Kanada, si Alaska

Wapo wanaosema mji wa Dawson City uko Alaska. Hapana ndugu, haujawahi kuwa Alaska. Uko Yukon, Kanada, pale mto Klondike unapoingia mto Yukon. Watu huchanganya kwa sababu wengi waliokimbilia dhahabu iliyogunduliwa huko Klondike walishuka melini Skagway, ambako ni Alaska kweli, kisha wakapanda milima na kuvuka mpaka. Mwaka 1898 polisi wa Kanada walisimama kileleni, na asiye na chakula cha mwaka mzima alirudishwa.

Na aliyeuanzisha mji hakutajirika kwa kuchimba. Dhahabu ilionekana Agosti 1896. Joseph Ladue, mfanyabiashara, akawahi kupima viwanja na kuleta mashine yake ya kupasulia mbao. Wenzake wakichekecha mchanga mtoni, yeye akawauzia mbao na ardhi.

Ila msiseme palikuwa pori tupu. Watu wa Hän, wenyeji wa asili wa eneo hilo, walikuwa na kambi yao ya kuvua samaki pale pale mdomoni mwa Klondike, iitwayo Tr'ochëk. Wageni walipofurika, Chifu Isaac aliwahamishia watu wake Moosehide, kilomita chache kufuata mkondo wa mto.