Uliza mofini kwanza

Mama yangu alirudi kutoka Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, na bahasha kubwa ya kaki. Ndani mlikuwa na picha, majibu ya vipimo, na karatasi moja iliyosema mgonjwa aendelee na tiba shufaa karibu na nyumbani. Karatasi hiyo ilikaa chini ya godoro siku arobaini. Shufaa mimi naijua ya Mtume, siku ya kiama. Nilidhani wametuambia kwa adabu kwamba tukasome dua.

Kumbe ndiyo huduma yenyewe niliyokuwa nahangaika kuitafuta. Tiba shufaa ni matunzo ya mtu mwenye ugonjwa mzito, hata ule usioponeka tena: kumtuliza maumivu, kichefuchefu, vidonda na hofu, na kuwasaidia wanaomuuguza. Wenzetu wa Nairobi wana hospisi, kituo cha tiba hiyo, tangu 1990, Kampala tangu 1993. Huku Mtwara na Lindi usizunguke na bajaji ukitafuta jengo lenye kibao hicho. Unachochagua ni watu: daktari gani ataandika dawa, nesi gani atapokea simu, na nyumbani nani ataamka saa nane za usiku.

Sisi tulianza kwa kuchagua vibaya. Mama alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi, ile inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii, na maumivu yalizidi mwezi wa Novemba, minada ya korosho imepamba moto. Nataja korosho kwa sababu pesa ya korosho ikiingia, kila ndugu anakuwa daktari. Kaka zangu walitaka arudishwe Dar, mionzi irudiwe. Dada alitaka hospitali ya binafsi, yenye vioo na kiyoyozi. Mjomba, ambaye kwetu Wamakonde akikohoa kwenye kikao wote mnanyamaza, alitaka apelekwe kwa mtaalamu wake wa mizizi.

Dada akashinda. Sitaitaja hiyo hospitali, na wala si mbaya kwa mtu mwenye homa. Lakini kwa mama ilikuwa dripu asubuhi, dripu jioni, damu inatolewa kila siku kwenda kupimwa, miguu inavimba, na kwa maumivu wanampa vidonge vilevile vya diklofenaki nilivyokuwa nampa mwenyewe Mikindani. Siku ya tano nikamuuliza daktari kijana kama mofini, ile dawa kali ya maumivu, ipo. Akatazama mlango kwanza.

"Hapa hatutoi, dada."

Siku ya tano! Ningeuliza getini tungeokoa siku tano za kilio na bili ambayo mpaka leo dada hapendi itajwe.

Ndiyo maana nasema hilo liwe swali lako la kwanza, kabla ya bei ya kitanda. Mofini ni dawa inayodhibitiwa, huikuti kwenye duka la dawa la mtaani, na hospitali kuwa kubwa si ushahidi kwamba inayo. Uliza tena na tena: ipo leo? Nani anaiandika? Huyo akiwa likizo, nani mwingine? Ikituishia Ijumaa jioni tunafanyaje? Anza na hospitali za rufaa za mikoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi. Ukiwa bara, waulize pia hospitali za wamisionari za Ndanda na Nyangao. Piga simu kabla ya kukodi gari, na usiishie mapokezi. Sema unamtaka anayehusika na tiba shufaa. Wakikuuliza shufaa ndiyo nini, umeshapata nusu ya jibu.

Nusu ya pili utaipata kwa kumsikiliza nesi. Yule aliyetufaa tulimpata kupitia jirani, na siku ya kwanza hakuniuliza mimi chochote. Alivuta kigoda, akakaa usawa wa uso wa mama.

"Mama, kinachokusumbua zaidi ni nini?"

Mimi nilikuwa tayari kujibu: maumivu. Mama akasema, "Harufu, mwanangu."

Sikujua. Nilikuwa naona tu anaagiza udi ufukizwe mpaka macho yanatuwasha, na shoga zake wakija anasema waambiwe amelala. Nilidhani amechoka na watu. Nesi akazungumza na daktari, ikaandikwa metronidazo, dawa ya kuua vijidudu, tukaonyeshwa namna ya kuitumia pale panapotoa uchafu. Baada ya siku chache harufu ilipungua, na wiki iliyofuata nilimkuta mama na Bi Mkubwa wa jirani wanasengenya mtu, vizuri kabisa, kama zamani. Hospitali ya vioo ilimpima damu kila siku na haikuuliza swali hilo. Basi, ukienda kumpima mtoa huduma, mtazame anaongea na nani: na mgonjwa, au na mwenye pochi?

Mofini yenyewe inatisha watu kuliko saratani. Yetu ilikuwa ya maji, kwenye chupa, tunapima kwa sirinji isiyo na sindano. Mama alikunywa kwa saa, kila baada ya saa nne, awe analia au ametulia, kwa kipimo alichopanga daktari. Mwiko kusubiri maumivu yarudi ndipo ukimbilie chupa. Mjomba aliposikia alikuja mbio kutoka Tandahimba: "Mnataka kumfanya dada yangu teja!"

Nesi hakubishana naye. "Shikamoo, mjomba. Kaa na sisi mpaka adhuhuri, umwone mwenyewe." Mjomba akakaa, mikono kifuani. Mama akanywa, akasinzia kidogo, akaamka, akauliza kama mjini hapa ming'oko, vile viazi vya porini, haijafika. Mjomba ndiye aliyekwenda sokoni.

Kosa langu mimi lilikuwa dogo na lilimtesa. Pamoja na mofini tulipewa dawa ya kulainisha choo. Nikaona dawa zimekuwa nyingi, nikaiweka kando. Siku ya sita mama hajapata choo, tumbo limekaza, anajikunja kuliko alipokuwa na maumivu ya mwanzo. Nesi alinigombeza kwenye simu mpaka nikalia. Alikuwa na haki: mofini inafunga choo, na hizo mbili zinakwenda pamoja. Lakini ona, alipokea simu saa tatu usiku. Namba inayopokelewa usiku ni ya kuulizia mapema, na uijaribu kabla hujaihitaji.

Halafu kuna jambo ambalo familia zinalikwepa: atafia wapi. Mama alitaka kuzikwa Tandahimba karibu na mama yake. Kaka mkubwa akasema tusizungumze habari hizo, tunamtabiria. Niseme kwa ukavu: mgonjwa anayeweza kukaa anasafiri kwa nauli na mto wa kuegemea, maiti anasafiri kwa gari la kukodi. Nesi ndiye aliyetukalisha chini, mama akiwepo, akamuuliza anataka nini. Mama akajibu kwa sentensi moja, kikao kikaisha. Tukamhamisha angali na nguvu. Lami wakati huo iliishia Mnivata, na kutoka hapo tulikwenda kama tumebeba mayai.

Kabla ya kuhama tulichukua barua ya daktari kwa zahanati ya kijijini, dawa za kutosha, na tukapatana nani atazifuata zikikaribia kuisha. Mtoa huduma mzuri atakusaidia kupanga haya, na hanung'uniki mgonjwa anapoondoka mikononi mwake. Zamu za nyumbani tuliziandika ukutani kwa mkaa: kumgeuza kila saa mbili asipate vidonda vya kulalia, kufua shuka, kuchota maji. Maji ya uwanda wa Makonde, huko Tandahimba, ni ya shida, si ya kuchezea. Kaka aliyetaka Dar ndiye aliyebeba madumu, na sikumsikia akilalamika hata siku moja. Huenda kilichomsumbua muda wote ni kukosa kazi ya kufanya.

Mtendaji wa kijiji tulimwarifu mapema pia kwamba tuna mgonjwa mahututi, kwa ajili ya kibali cha mazishi na karatasi za baadaye. Ni kazi ya dakika kumi, ifanyeni.

Mama alifariki alfajiri, mjomba akimsomea Yasini. Wiki mbili baada ya arobaini nilirudi mjini na chupa ya mofini, ilikuwa imebaki robo. Haitunzwi nyumbani wala haigawiwi kwa jirani, inarudishwa. Yule nesi akaipima, akaandika kwenye daftari, akanisainisha.

"Mwishoni alikuwa analala?" akauliza.

"Alikuwa analala."